Rufiji: Mvua zikibadilika, chumvi inaingia katika mashamba ya mpunga

Mchele wa Tanzania unajulikana katika masoko ya mashariki ya Kongo. Mwingine unavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuelekea Kalemie na Uvira, mwingine unapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa na Lubumbashi. Sehemu kubwa ya mchele huo hulimwa mbali na bahari, katika mikoa kama Mbeya, Morogoro na Shinyanga. Lakini kwenye pwani ya nchi hiyo hiyo, pale mto Rufiji unapoingia katika Bahari ya Hindi, kuna wakulima wa mpunga ambao mavuno yao yanategemea mambo mawili: mvua inayonyesha milimani, kilometa mamia kutoka kwao, na maji ya chumvi yanayosukumwa na bahari. Kwa sasa mambo hayo mawili yanabadilika kwa wakati mmoja.

Mara nyingi habari hii inaelezwa kwa maneno mafupi: bahari inapanda. Ni kweli. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi walihesabu kwamba bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na mwendo unaongezeka. Lakini ukiangalia kwa karibu kinachotokea Rufiji, utaona kwamba bahari ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni mto. Chumvi inaingia shambani pale mto unapokosa nguvu ya kuirudisha nyuma, na nguvu ya mto inatoka kwa mvua, na pia kwa watu wanaotumia maji huko juu.

Shamba linalonyweshwa na bahari

Delta ya Rufiji iko katika mkoa wa Pwani, kusini ya Dar es Salaam, ikielekea kisiwa cha Mafia. Mto unagawanyika katika matawi mengi kabla ya kufika baharini, na kati ya matawi hayo kuna msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 50,000, mkubwa kuliko yote ya aina hiyo iliyoungana katika Afrika ya Mashariki. Ndani na kando ya mikoko hiyo, wakaaji wanalima mpunga.

Njia yao ya kunyweshea ni ya pekee. Kila siku bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili. Inapojaa, inasukuma maji ya mto yarudi nyuma na kupanda juu ya kingo. Kama ni majira ya mvua na mto una maji mengi, maji yanayopanda shambani ni matamu, yaani hayana chumvi. Mkulima hana pampu wala mfereji wa saruji: bahari inamfanyia kazi ya kupandisha maji, na mto unamletea maji yenyewe pamoja na tope lenye rutuba. Bahari inapokupwa, maji ya ziada yanatoka.

Njia hii inafaa kwa sharti moja: mto uwe na nguvu kuliko bahari kwa miezi yote ambayo mpunga uko shambani, kuanzia mche mdogo mpaka maua. Mto ukipungua wakati huo, bahari inaendelea kujaa kama kawaida, ila safari hii inapandisha chumvi. Hatari kubwa inakuja wakati wa bamvua, yale maji makubwa yanayofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku chache za bamvua zenye chumvi zinaweza kuharibu kazi ya miezi mitatu.

Mpunga hauvumilii chumvi nyingi. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu zipatazo 35 kwa lita. Kule Vietnam, wahandisi wa maji wanatumia gramu 4 kwa lita kama mpaka ambao mkulima wa mpunga asiuvuke, na mavuno huanza kupungua hata kabla ya hapo. Hesabu ni rahisi: ukichukua kikombe kimoja cha maji ya bahari na kukichanganya na vikombe nane vya maji matamu, tayari umefika karibu na mpaka huo. Mche mdogo na mmea unaotoa maua ndio dhaifu zaidi. Mpunga ukipigwa na chumvi wakati wa maua unaweza kubaki umesimama, majani yake kijani, lakini masuke yake ni matupu.

Mvua ambayo haiji kwa wakati wake

Mkulima wa delta anaishi na kalenda mbili za mvua. Pwani kuna vuli, kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, na masika, kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Kule juu, katika milima ya kusini ambako mto unapata maji yake mengi, kuna msimu mmoja mrefu unaoanza karibu na mwezi wa kumi na moja na kuisha mwezi wa nne au wa tano. Bonde lote la Rufiji linachukua karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania bara, na mto Kilombero peke yake unatoa zaidi ya nusu ya maji yanayofika chini.

Zamani kalenda hizo mbili zilikuwa zinasaidiana. Vuli ilisafisha chumvi iliyobaki udongoni baada ya kiangazi, mkulima akapanda, kisha mto uliojaa ukamlindia shamba lake mpaka mavuno. Vuli ikichelewa, chumvi inabaki udongoni na mbegu zinakufa. Vuli ikija mapema kisha ikakatika, mche unaota halafu unakutana na maji ya chumvi ukiwa bado mdogo. Kwa hiyo jumla ya mvua ya mwaka inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi, na bado mkulima akakosa chakula, kwa sababu mvua ilikuja nje ya wakati wake.

Kuna pia upande wa mvua kupita kiasi. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wa magharibi, kama ilivyokuwa mwaka 2019, au El Niño ikitokea, kama mwaka 2023 na 2024, Afrika ya Mashariki hupigwa na mvua kubwa. Mwezi wa nne 2024, waziri mkuu wa Tanzania alitangaza bungeni kwamba mvua na mafuriko ya msimu huo yalikuwa yameua watu 155 nchini na kugusa zaidi ya 200,000. Rufiji na Kibiti, wilaya mbili za delta na bonde lake, zilikuwa kati ya zilizoumia zaidi: vijiji, barabara na mashamba ya mpunga na mahindi vilifunikwa na maji. Tarehe 4 ya mwezi wa tano, kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia, jambo ambalo ni la nadra sana kwa Tanzania.

Watu wa Rufiji hawaogopi kila mafuriko. Wana neno lao, mlau, kwa kilimo kinachofanywa kwenye udongo wenye unyevu baada ya maji kushuka, na kwa vizazi vingi waliona mafuriko ya kawaida kama baraka. Mafuriko yanaosha chumvi na kuleta tope jipya. Kinachowaumiza ni mafuriko yanayokuja mara moja kwa nguvu na kukaa wiki nyingi, yakifuatiwa na mwaka ambao mto haupandi kabisa.

Ufunguo wa mto uko kwa nani?

Bahari na mvua hazitoshi kueleza kila kitu. Kati ya milima na delta kuna watu wengi wanaotumia maji hayo hayo.

Mfano wa kwanza ni mto Ruaha Mkuu, tawi la Rufiji. Kuanzia mwaka 1993, mto huo ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi katika sehemu inayopita hifadhi ya taifa ya Ruaha. Sababu moja kubwa ni maji yanayochukuliwa juu zaidi, katika bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, na yanachukuliwa hasa kwa ajili ya mpunga. Mchele huo wa Mbeya unasifiwa kwa harufu yake na unauzwa vizuri Dar es Salaam na nje ya nchi. Hapa mkulima wa mpunga wa juu na mkulima wa mpunga wa pwani wanashindania maji bila kuonana.

Mfano wa pili ni bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto Rufiji wenyewe. Lilianza kujazwa maji mwishoni mwa 2022, mtambo wake wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwanzoni mwa 2024, na mitambo yake yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Kwa Tanzania, ambayo ilizoea kukatikiwa na umeme, ni hatua kubwa. Kwa watu wa chini ya bwawa, maana yake ni kwamba mto sasa una mlango, na mlango huo una mwenye ufunguo.

Mwezi wa nne 2024 mjadala huo ulitoka hadharani. Wakaaji wengi walilaumu maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ilijibu kwamba chanzo ni mvua kubwa, na kwamba mafuriko Rufiji yalikuwepo miaka mingi kabla ya bwawa. Hoja zote mbili zina uzito: mafuriko ni ya zamani, lakini tangu bwawa lijengwe, siku na kiasi cha maji yanayofika delta haviamuliwi tena na mvua peke yake.

Kwa mkulima wa mpunga, bwawa linaweza kuwa rafiki au adui. Mitambo ya umeme inahitaji maji kupita mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi. Hiyo inaweza kupeleka chini maji matamu zaidi katika miezi ambayo zamani mto ulikuwa dhaifu, na hivyo kusukuma chumvi nyuma. Lakini bwawa hilo hilo linapunguza mafuriko ya kawaida yanayoosha udongo, na linashika tope. Delta isiyopata tope jipya inaliwa na mawimbi na kushuka taratibu, wakati bahari inapanda. Jibu litatokana na namna maji yatakavyofunguliwa: je, ratiba inafuata mahitaji ya umeme peke yake, au pia kalenda ya mpunga wa delta?

Tana, Casamance, Mekong

Rufiji si ya kwanza kukutana na swali hilo. Kaskazini kidogo, Kenya ilijenga mabwawa matano ya umeme kwenye mto Tana, likiwemo la Masinga lililomalizika mwaka 1981. Katika delta ya mto huo, vijiji vya karibu na mdomo wake, kama Ozi na Kipini, vimelalamika miaka mingi kwamba chumvi inapanda mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga na miembe. Kila mpango mpya wa kuchukua maji ya Tana huko juu unawapa hofu.

Upande wa magharibi ya Afrika, Senegal inatoa mfano mwingine. Katika jimbo la Casamance, wakulima wa kabila la Wajola wamelima mpunga kwa karne nyingi kwenye ardhi waliyoipata kwa kukata mikoko na kuizungushia kingo za udongo. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliharibu sehemu kubwa ya ardhi hiyo. Mvua ilipopungua, mto Casamance ulikosa maji ya kutosha kusukuma chumvi, jua likakausha maji yaliyobaki, mpaka leo maji ya juu mtoni yanaweza kuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Hilo halikusababishwa na bahari kupanda. Lilisababishwa na mvua kukosekana.

Kule Asia, delta ya Mekong nchini Vietnam inaonyesha ukubwa wa hatari. Watu wapatao milioni 17 wanaishi hapo, karibu nusu ya mpunga wa nchi unatoka hapo, na pia sehemu kubwa kabisa ya mchele ambao Vietnam inauza nje. Mwaka 2016, baada ya El Niño kupunguza mvua, chumvi ilipanda katika baadhi ya mito mpaka kilometa 90 kutoka baharini. Mabwawa ya nchi za juu, kuanzia China, uchimbaji wa mchanga mtoni na ardhi inayoshuka kwa sababu ya kuvuta maji ya chini, vyote viliongeza tatizo.

Mwaka 2020 chumvi ilirudi kwa nguvu, na majimbo matano ya delta yalitangaza hali ya dharura. Lakini safari hiyo mpunga uliopotea ulikuwa mchache kuliko wa 2016. Sababu haikuwa ukuta mkubwa wa kuzuia bahari. Wakulima walikuwa wameonywa mapema, wengi wakapanda kabla ya wakati wa kawaida, na mpunga ukavunwa kabla chumvi haijafika kilele. Wengine walikuwa wamekwisha kubadilisha mfumo: mpunga wakati wa mvua, ufugaji wa kamba wakati wa chumvi, katika shamba moja.

Suluhisho zipo, ila kila moja ina bei yake

Mafunzo ya Mekong hayawezi kuhamishwa hivyo hivyo mpaka Rufiji. Onyo la mapema linahitaji vipimo vya chumvi mtoni, redio na simu zinazofika vijijini, na mwenye bwawa anayetangaza mapema atafungua maji siku gani. Hata hivyo hii ndiyo kazi yenye gharama ndogo kuliko zote, na inaweza kuokoa mavuno mengi.

Mbegu zinazovumilia chumvi ni njia ya pili. Wataalamu wamezitafuta kwa miaka mingi, wakitumia hasa mpunga wa kienyeji wa Kerala, India, unaoitwa Pokkali, ambao umezoea maji ya chumvi. Zinasaidia, lakini zina mipaka: mbegu inayovumilia chumvi kidogo haiwezi kuokolewa pale maji ya bahari yanapoingia wiki nzima. Pia mkulima wa delta anachagua mbegu kwa ladha, harufu na soko, si kwa uvumilivu peke yake.

Njia ya tatu ni kingo za udongo. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, maji ya bahari yameingia katika mabonde ya mpunga, na wakulima wamejaribu kuyazuia kwa kingo na kwa kupanda mikoko. Ukingo unafaa ukitunzwa kila mwaka. Ukipasuka sehemu moja usiku wa bamvua, maji ya chumvi yaliyoingia yanashindwa kutoka.

Njia ya nne ndiyo ngumu zaidi kisiasa: mikoko. Msitu huo unazuia mawimbi, unashika udongo na kulea samaki na kamba. Kwa sheria ya Tanzania ni hifadhi ya serikali. Kwa wakaaji ni ardhi ya chakula. Shamba lililofunguliwa ndani ya mikoko linatoa mpunga vizuri kwa miaka michache, halafu magugu na kaa wanaokata miche wanamshinda mkulima, naye anafungua lingine. Chumvi ikiongezeka, mzunguko huo unakuwa mfupi zaidi na mikoko zaidi inakatwa. Kumwambia mkulima aache bila kumpa ardhi nyingine wala kazi nyingine kumeleta mvutano mara nyingi, na mikoko haikupona.

Kwa nini swali hili linagusa Kongo?

Sababu ya kwanza ni sahani. Mashariki ya Kongo inaweza kulima mpunga wake: bonde la Ruzizi, kutoka Luvungi na Sange mpaka Kiliba, na jimbo la Maniema, yanajulikana kwa hilo. Lakini vita, barabara mbovu na ukosefu wa mashine za kukoboa vinafanya miji mingi itegemee mchele wa kutoka nje, wa Tanzania na wa Asia. Mwezi wa saba 2023, India ilipokataza kuuza nje mchele mweupe usio basmati, bei ya mchele duniani ilifika mwezi uliofuata kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka 15. Katazo hilo liliondolewa mwezi wa tisa 2024. Mama anayenunua mchele kwa kipimo sokoni Bukavu au Kalemie hakuulizwa maoni yake. Kila delta inayoingiwa na chumvi inapunguza akiba ambayo dunia inaitegemea siku kama hiyo.

Sababu ya pili iko karibu zaidi. Ziwa Tanganyika halina chumvi ya bahari, lakini wakaaji wa Uvira na Kalemie waliona mwaka 2024 jinsi maji yake yalivyopanda na kuingia katika nyumba, bandari ya Kalundu na mashamba ya kando. Mvua zilizopandisha ziwa zilikuwa za msimu ule ule uliofunika Rufiji.

Sababu ya tatu ni mto Ruzizi. Unatoka Ziwa Kivu, una mabwawa mawili ya umeme tayari, na la tatu la megawati 206, Ruzizi III, limepangwa na Kongo, Rwanda na Burundi. Chini ya mabwawa hayo kuna wakulima wa mpunga wa nchi mbili. Chumvi ya bahari haitawafikia kamwe, lakini swali lao ni lile lile la wakulima wa Rufiji: wakati nchi tatu zinapogawana umeme, nani anakaa mezani kwa niaba ya mkulima anayengoja maji chini ya mto?

Rufiji, swali hilo liliulizwa kwa sauti wakati nyumba na mashamba yalikuwa tayari ndani ya maji. Katika bonde la Ruzizi, Ruzizi III bado haijaanza kutoa umeme. Ratiba ya kufungua maji, mpango wa kuwaonya wakulima na nafasi ya vyama vyao katika maamuzi bado vinaweza kuandikwa kabla mlango mwingine haujawekwa mtoni.